Seva Iliyosingiziwa Uchovu

Mtandao ukizubaa Kitale, mshukiwa wa kwanza ni mvua. Wa pili ni watu wa intaneti. Wa tatu ni fundi, na fundi ni mimi.

Ushirika ninaoutumikia una ofisi kuu Kitale na tawi Bungoma. Tunaviangalia vifaa vya pande zote mbili kwa programu ya kufuatilia mtandao: ramani yenye vidoa, kijani kwa kifaa kilicho hai, chekundu kwa kilichozimika. Ramani hiyo ilikuwa nzito kufunguka hivi kwamba mhasibu aliibofya, akatoka kununua mahindi ya kuchoma, akarudi akitafuna, na kiduara bado kinazunguka. Mkuu wetu akatoa hukumu: "Fundi, seva imechoka. Tununue nyingine."

Imechoka na nini? Nilipotazama orodha ya kazi zake, prosesa ilikuwa imelala fofofo. Memori tele. Feni haisikiki. Nikaipima rauta ya Bungoma kwa ping, kwa namba yake: jibu likaja papo hapo, ingawa mvua ilikuwa ikitwanga mabati. Nikaiita rauta ile ile kwa jina. Kimya. Nikamimina chai, nikaipuliza, ndipo ikaitika.

Basi mvua ikaachiliwa huru. Programu yetu ina adabu za kupitiliza: haionyeshi kifaa kwa namba tupu, lazima kwanza iulize DNS, daftari la majina ya mtandao, kinaitwa nani. Na seva ya DNS iliyotangulia kwenye orodha ilikuwa kompyuta ya Bungoma iliyostaafishwa zamani, ambayo siku hizi kazi yake ni kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Kwa kawaida Linux hungoja sekunde 5 kabla ya kumgeukia wa pili. Vifaa 40, kimoja baada ya kingine, ni sekunde 200: zaidi ya dakika 3 za kumsubiri asiyekuwapo. Ni makanga wa matatu ya Webuye anayekataa gari litoke steji mpaka ajue jina la kila abiria, na kwa kila abiria anampigia marehemu simu kuuliza. Dereva yuko tayari, mafuta yamejaa, na abiria wanailaani injini.

Nikamfuta marehemu kwenye orodha, kisha nikaandika majina ya vifaa vyetu katika faili la hosts ndani ya seva yenyewe. Si uganga mpya. Kabla Paul Mockapetris hajabuni DNS mwaka 1983, majina ya kompyuta za ARPANET yalikaa kwenye faili moja lililotunzwa California, na wenye kompyuta wakalichota huko. Mtandao ulipokua, faili likazidiwa. Wetu hauna hatari hiyo. Printa mpya tumeiomba tangu uchaguzi uliopita.

Sasa ramani inafunguka kabla mhasibu hajainuka kitini. Ubaya ni kwamba inasema kweli mapema mno. Zamani, kabla haijamaliza kujichora, watu wa Bungoma walikuwa wameshachomeka kila kilichochomoka. Juzi mkuu alibofya tu, vidoa vyekundu vikamrukia machoni: swichi, printa ya masjala, kamera ya getini. Akavitazama, akanivuta pembeni.

"Fundi, hii kasi yako… hakuna namna ya kuipunguza kidogo?"