Eti Land Rover Haishiki Kutu

Kuna watu wakikuona na gari kuukuu huamini wamepewa kazi ya kukushauri. Pale barazani kwetu Raskazone, Tanga, mzee mmoja hunyanyua kikombe cha kahawa na kutoa fatwa: "Land Rover haishiki kutu, bwana. Ile ni aluminiamu." Wenzake huitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala chini ya Land Rover akatazama juu.

Maneno yao ni nusu kweli, na hiyo nusu ndiyo inayoniponza. Waingereza walipolitoa gari hili mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, wakaunda bodi kwa aluminiamu. Lakini chasisi ni chuma. Ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva, nao ni chuma. Hata hiyo aluminiamu, inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, hugeuka unga mweupe. Na chasisi yenyewe ni ya boksi, ina uwazi ndani: tope na maji huingia, hutulia humo, chuma kikaliwa kwa ndani huku nje rangi nyeusi inang'aa. Ongeza upepo wa bahari, unaovuma bure usiku na mchana. Kikulacho ki nguoni mwako; cha kwangu kimo ndani ya chasisi.

Nilipompelekea gari langu, fundi wa bodi alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma. Ngi, ngi, ngi. Alipofika kwenye boriti ya nyuma, sauti ikageuka: pu. Akasukuma bisibisi, ikazama mpaka mpinini. Unga mwekundu ukamwagika chini pamoja na maganda ya kutu. Akautazama, akanitazama, akasema, "Hii ndogo tu, mzee."

Fundi wa bodi hajawahi kukutana na kutu kubwa. Kubwa huja baadaye, ukishatoa kianzio.

Tena ana dawa mbili. Ya rahisi ni puti: anapitisha msasa juu juu, anabandika, anapuliza rangi, gari linarudi likimeremeta. Lakini puti hunyonya unyevu, na chini yake kutu huendelea na kazi, sasa kwa faragha. Ikifika masika, kibandiko kizima kinadondoka barabarani. Ya ghali ni kukata chuma kibovu chote mpaka kifikiwe kizima, kuchomelea bati jipya nene, kupaka rangi ya kuzuia kutu na kumwaga oili ndani ya chasisi.

Nyumbani nako mahakama imeketi. Mama watoto anasema pesa ya kuchomelea ingeezeka banda la kuku, na banda angalau lina mayai. Shemeji anasema uza. Mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye hakuna aliyemwita, hupita na mzani wake akalisalimia gari kabla hajanisalimia mimi.

Mimi nasikiliza bisibisi. Kutu ya fremu ya mlango, ya bumpa au ya ngazi ya kupandia ni aibu tu, na aibu haiui mtu. Kutu ya mahali springi zinaposhikwa, boksi la usukani linapofungwa au mkanda wa kiti unapokamatwa, hiyo haijadiliwi kwa kahawa: ikatwe na ichomelewe, la sivyo gari liegeshwe. Na kama bisibisi inazama kila unapogusa, mpe mwenye mzani haki yake, maana hata bati jipya halina pa kushika.

Langu limeoza boriti ya nyuma na mikono inayobeba bodi. Kwingine nyundo inalia vizuri. Litachomelewa, na kuku watasubiri.

Nawe mwenye mkweche, kabla hujatoa kianzio, lala chini ya gari mwenyewe na bisibisi yako. Ukimwachia fundi agonge peke yake, kila kutu itakuwa ndogo.