Posa ya Mbwa

Geti letu la Kitengela lina kibao cha bati chenye maandishi mekundu: MBWA KALI. Sarufi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kung'atwa, kama ilivyo kwenye mageti mengi ya Kenya. Kibao tulikikuta tulipohamia; mbwa hatukumkuta. Kilitutosha kwa muda, mpaka usiku mmoja fisi kutoka pande za Mbuga ya Wanyama ya Nairobi alipopenya kwenye seng'enge bila kusoma, akaondoka na bata wa mke wangu. Asubuhi yake likaitishwa baraza la familia. Ajenda ilikuwa moja: mbwa, tena mkubwa.

Kila mmoja alikuja na mbwa wake tayari kichwani, na wengi walitoka kwenye televisheni. Binti yetu Salma alitaka Saint Bernard kwa sababu ya ile filamu ya mbwa aitwaye Beethoven. Nikamweleza kwamba mbwa hao walilelewa na watawa kwenye njia ya milimani kati ya Uswisi na Italia, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, wakawa wanawatafuta wasafiri waliofukiwa na theluji. Maarufu kuliko wote, Barry, anasifiwa kwa kuokoa watu zaidi ya 40, na mwili wake umehifadhiwa makumbusho ya Bern mpaka leo.

"Sasa hapa Kitengela atamwokoa nani?" akauliza Idi, mdogo wake.

"Watakaokwama kwenye matope ya Aprili," Salma akajibu, na anayeijua ile ardhi yetu nyeusi atakubali kwamba hoja ilikuwa na uzito.

Kilichomwangusha Saint Bernard hakikuwa jua. Kilikuwa mate. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Mombasa kututembelea, ameketi pembeni akichambua mchicha kama vile mambo hayamhusu. Akainua kichwa. "Mbwa wa kulinda sina neno naye, dini yenyewe imemruhusu. Lakini huyo mnayemsema, mate yake yanafika wapi?" Ikabidi nitafute picha. Saint Bernard akitikisa kichwa, mate huruka mpaka ukutani. Na kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, chombo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Udongo Kitengela si haba. Maji ndiyo tunayonunua kwa bauza. Mke wangu, ambaye ni mhasibu, akazidisha mate kwa saba, akagawanya kwa tangi la lita elfu tano, akafuta jina la Saint Bernard.

Idi alikuwa na Great Dane, kwa heshima ya Scooby-Doo. Huyo ni mbwa mpole wa kilo sitini, sabini, anayeamini kwamba mapaja ya watu ni kochi. Tatizo ni kwamba majitu haya hayaishi sana: miaka saba hadi kumi, kisha basi. Tena, kama mbwa wengi wenye kifua kirefu, tumbo lake linaweza kujaa hewa na kujipinda, na hapo una saa chache tu za kumfikisha kwa daktari wa mifugo. Nani asiyeijua barabara ya Namanga saa kumi na moja jioni? Lakini foleni haikumsumbua Idi. Yeye alihesabu kwa vidole akagundua kwamba angemzika mbwa wake kabla hajamaliza shule. Akanyamaza, akasema yuko tayari kusikiliza mapendekezo mengine.

Mimi nilikuwa na mgombea wangu, kwa sababu za kizalendo. Rhodesian Ridgeback ni mbwa wa kusini mwa Afrika, mwenye damu ya mbwa wa Wakhoikhoi waliokuwa na mstari wa nywele mgongoni zinazoota kuelekea mbele badala ya nyuma. Sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, chini ya Francis Barnes, kwa kuazima mpangilio wa kanuni za Dalmatian. Nywele zake ni fupi, jua analiweza, na mate anayaweka mdomoni. Na zamani alitumika kuwinda simba! Hapo nilisimama kidogo, nikingoja makofi.

"Anamuua simba?" Salma akauliza. Swali halikuwa la mzaha. Simba wa mbugani huwa wanavuka kuja kwetu.

Nikalazimika kusema kweli. Hamuui. Kazi yake ilikuwa kumzunguka na kumbwekea ili asiende popote, mpaka mwindaji afike na bunduki.

"Na bunduki iko wapi?" mke wangu akauliza.

"Kwa hiyo," akasema Idi polepole, "kazi ya mbwa wetu itakuwa kuhakikisha simba haondoki."

Pamoja na hayo Ridgeback alipita, kwa sababu ya mate zaidi kuliko ushujaa. Ikabaki swali la wapi atoke, na hapa ndipo watu wengi wenye akili zao timamu huzivua na kuziacha mlangoni. Mtu atamwita fundi wa pili na wa tatu kabla ya kununua pampu ya maji, halafu atanunua mbwa wa kuishi naye miaka kumi kupitia dirisha la gari.

Tuliwahi kujaribiwa. Tulikuwa kwenye foleni tukirudi kutoka mjini, kijana akapita na katoni ya watoto wa mbwa. Kwenye gari la mbele tulimsikia akisema, "Shepadi huyu, orijino." Alipofika kwetu, mtoto yuleyule akawa Rottweiler.

"Si umesema ni shepadi?"

"Kwani nyinyi mnataka gani?"

Tukamuuliza mama yake yuko wapi. Mama yuko Nakuru. Baba je? Baba pia yuko Nakuru, ila wameachana. Mtoto mwenyewe alikuwa na tumbo la minyoo, macho yanatoa tongo, na kwa kumtazama tu ulijua hajafika wiki nane ambazo kila daktari wa mifugo atakwambia akae na mama yake. Chanjo zake za parvo zilipaswa kuanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka wiki ya 16, na ile ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu. Wa katoni huwa wana chanjo ya maneno. Idi alilia tukimwacha, na mimi sikujisikia vizuri. Lakini anayemnunua mmoja kwa huruma ndiye anayelipia katoni inayofuata.

Jirani yetu alinunua Boerboel kwa kuonyeshwa picha ya baba kwenye simu. Boerboel ni mbwa wa Afrika Kusini, akikomaa ana uzito wa mwanamume na maoni ya mwanamume. Jirani aliona mtoto hakui haraka, akaanza kumwekea kwenye ugali yale madini ya ng'ombe wa maziwa. Sasa mbwa mkubwa hatakiwi kukuzwa mbio hata kidogo. Mifupa yake inataka muda, na kalsiamu ikizidi inamharibia viungo badala ya kumjenga. Miguu ya mbele ikaanza kupinda nje. Daktari alipokuja aliyasimamisha madini, akaagiza chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, akampiga mbwa marufuku kuruka ngazi. Jirani naye akampiga daktari marufuku kutaja bei ya chakula hicho mbele ya mke wake.

Kituo cha kutunza wanyama cha KSPCA kule Karen nacho tulikipitia. Mke wangu aliipenda njia hiyo na hoja zake ni nzito: mbwa wa pale huhasiwa na kuchanjwa, na mbwa mzima hana siri ya ukubwa, unamwona alivyo. Ila mkubwa aliyekuwepo siku hiyo hakupatana na paka, na kwetu paka ni mali ya mama mkwe. Hatukulijadili zaidi.

Ndipo tukaelekezwa kwa mama mmoja wa Limuru anayefuga Ridgeback waliosajiliwa na East Africa Kennel Club. Tulikwenda Julai, mwezi ambao Limuru watu huongea mvuke ukitoka vinywani. Mama mkwe alisisitiza kuja. Alivaa buibui, juu yake koti langu, juu ya koti shali la mke wangu, akashuka garini kama mzigo uliofungwa vizuri.

Nilitegemea kuonyeshwa mbwa na kutajiwa bei. Badala yake tulikaribishwa chai sebuleni, na maswali yakaanza. Nani anashinda nyumbani mchana? Ukuta una urefu gani? Mbwa atafungwa mnyororo? Atalala wapi? Daktari wenu wa mifugo ni nani? Mtoto wa miezi mitatu akitafuna kiatu cha bwana, bwana hufanya nini? Niliposikia hilo la mwisho ndipo nikakumbuka niliwahi kukaa wapi na mgongo umenyooka hivi, na kikombe cha chai kinatetemeka hivi: Kibokoni kule Mombasa, siku ya kupeleka posa. Na tofauti ilikuwa ndogo, kwa sababu aliyenihoji siku ile alikuwa amekaa kando yangu, amevaa koti langu.

Wazee wale wawili walipatana mara moja. Mwenyeji aliuliza, nami nikifungua mdomo, mama mkwe alishajibu.

"Bwana hurudi nyumbani saa ngapi?"

"Inategemea mechi," akasema mama mkwe.

"Anapenda kutembea? Mbwa huyu anahitaji mazoezi kila siku."

"Huyu? Huenda dukani kwa gari."

"Mama," nilisema kwa adabu zote, "duka liko mbali."

"Mbali na nini, mwanangu?"

Baada ya hapo tuliruhusiwa kuona mbwa. Jike lilikuwa la rangi ya ngano, tulivu. Likanijia, likanikalia mguu na kuuegemea mpaka ukafa ganzi. Mfugaji akasema hiyo ni dalili njema, mama mwenye wasiwasi huzaa watoto wenye wasiwasi, na kwamba yeyote asiyekuonyesha mama usimpe hata senti. Akatoa eksirei za nyonga za jike na za dume. Nyonga mbovu ni ugonjwa wa mbwa wakubwa na huenda kwa ukoo, kwa hiyo wazazi hupigwa picha kabla ya kupandishwa. Kwa mtindo wa Uingereza kila nyonga hupewa alama, 0 hadi 53, zikajumlishwa mpaka 106, na aliyepata chache ndiye bora. Mama mkwe, ambaye nyonga zake hulalamika kila akipanda ngazi, akaishika picha mbele ya dirisha, akaitazama kwa wivu.

Akatueleza pia kwamba watoto wakizaliwa huwapapasa mgongo mmoja mmoja, kwa sababu aina hii huweza kuzaliwa na kitundu kwenye ngozi kinachoshuka kuelekea uti wa mgongo na kuleta maambukizi. Na wapo wanaozaliwa bila ule mstari. Zamani wafugaji waliwaua.

"Hao wasio na mstari wana kosa gani?" mama mkwe akauliza.

"Hawana kosa, Mama. Hawaingii kwenye maonyesho tu. Tena tatizo hilo la ngozi ni nadra sana kwao."

"Basi huyo ndiye wetu. Kwa kuwa ana upungufu, bei yake nayo ipunguze." Na hapo Limuru ikaonjeshwa soko la Kongowea la Mombasa. Sijui walikubaliana ngapi. Nilitolewa nje nikaangalie banda.

Niliporudi mkataba ulikuwa mezani. Kifungu kilichoandikwa kwa herufi nzito kilisema mbwa akitushinda, kwa sababu yoyote na kwa umri wowote, asiuzwe wala asigawiwe. Arudishwe kwa mfugaji.

Mama mkwe alikisoma, akavua miwani, akanitazama kwa muda. "Hilo," akamwambia mwenzake, "sisi hatukuliandika."

Mbwa hatukupewa. Jike lilikuwa linapumzishwa; lipandishwe litakapoingia joto tena, mimba ichukue siku kama 63, kisha zile wiki nane. Na jina letu litaingia kwenye orodha seng'enge ikigeuka ukuta na mimi nikianza kutembea. Fundi ameshachukua arubuni. Idi amejaza daftari kwa majina, yote ya wachezaji wa Arsenal. Kwenye mlango wa nyuma kuna ndoo ya udongo safi aliyoiandaa bibi yao kabla ya kupanda treni, na wageni hudhani ni ya kuzimia moto.

Jumapili iliyopita mama mkwe alinipigia kutoka Mombasa. Baada ya salamu akaniambia kwamba yule dada yake wa Limuru anasalimu, na anauliza kama nimeanza kurudi nyumbani mapema.

"Nimeanza, Mama."

"Mimi nimemwambia Jumamosi ulifika saa tano usiku."

"Umejuaje, Mama?"

"Mpe Salma simu," akasema. "Kuna mambo ya ukuta nataka aniambie."