Barua ya Mdai Nambari Moja

Kwa Waheshimiwa Maseneta na Wabunge,
Kongresi ya Marekani,
Washington.

YAH: SHUKRANI ZA KUPANDISHWA CHEO

Nawaandikia kwa niaba ya mwanangu ambaye, kwa sheria yenu ya kufilisika ya 2005, ndiye mdai nambari moja wa baba yake. Awali madeni ya matunzo ya watoto yalikuwa ya saba kwenye foleni ya kipaumbele. Mkayapandisha hadi ya kwanza, na mtoza kodi wenu mwenyewe mkamwacha wa nane! Heshima hiyo mtoto huyu hajaipata hata kwa wajomba zake.

Mengine nayasema bila kejeli. Baba akifilisika chini ya Sura ya 7 ya sheria za kufilisika, ambapo mali ya mdaiwa huuzwa ili wadai walipwe, madeni ya kadi za mkopo yanaweza kufutwa, na ya hospitali pia, lakini la matunzo halifutwi hata senti. Na ile amri inayowazuia wadai wengine wasimsogelee haizuii mshahara wake kukatwa kwa ajili ya mtoto. Hapo mlitenda haki.

Tatizo ni hicho cheo. Wengi mno wanaoingia Sura ya 7 hawana cha kuuzwa. Wana gari kuukuu, kitanda na masufuria, vitu ambavyo sheria inawaachia. Basi mwanangu amesimama wa kwanza kwenye dirisha la benki isiyo na fedha. Na kikipatikana cha kuuza, gharama za mfilisi aliyekiuza zinatolewa kabla ya matunzo. Yaani nambari moja wenu ana mtu mbele yake. Naomba ufafanuzi, maana sisi shuleni tulianza kuhesabu na moja.

Kampuni za kadi za mkopo ziliipigia debe sheria hiyo kwa miaka, na sidhani zilikuwa zinamwonea huruma mwanangu. Elizabeth Warren, wakati huo profesa wa Harvard, aliwaonya: madeni ya kadi yakizidi kunusurika baada ya kufilisika, yatagombea mshahara uleule na mama wa mtoto. Hamkumsikiliza. Sasa ni seneta mwenzenu, mnaweza kumuuliza kwenye korido.

Halafu kuna hili la serikali. Mama akipokea msaada wa fedha kwa familia maskini, sharti alikabidhi jimbo haki yake ya matunzo. Baba akilipa, majimbo mengi hujirudishia kwanza msaada yaliyoutoa. Mengine humegea familia kidogo. Nimeona ajabu nyingi, lakini mtu kudai kwa jina la mtoto kisha akajilipa mwenyewe, huko kwetu angeitiwa wazee.

Ombi langu ni dogo. Kama cheo hiki hakiwezi kuja na fedha, basi mtupatie cheti chenye muhuri. Kila tarehe mosi namweleza mwenye nyumba kwamba kwake anaishi mdai nambari moja kwa sheria ya Marekani, naye anadai kodi ya chumba.

Wenu mtiifu,
Mama wa Mdai Nambari Moja

Nakala: Mwenye nyumba (kwa taarifa na uvumilivu)