Saa Kumi ya Nani?

Mimi ni mtu wa Dodoma. Kwetu maji hayajai wala hayapwi. Yanatoka bombani au hayatoki. Kwa hiyo nilipooa Pemba niliwaachia wenyewe elimu ya bahari, kama abiria anavyomwachia dereva usukani. Tatizo ni kwamba dereva niliyempata alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye alizaliwa Konde lakini akachukuliwa Maskati akiwa na miaka sita. Bahari anayoifahamu yeye ni ile inayopita pembeni ya kioo cha gari akielekea kazini.

Alikuwa amekuja likizo, na usiku mmoja baada ya kula alitangaza kwamba atanitembeza. Tungepita Msitu wa Ngezi kwa miguu, tuteremke na bonde lake, kisha tutokee upande wa magharibi wa Kigomasha, kwenye vihori vilivyojificha chini ya miamba. Bibi yake alikuwa akimsimulia habari za Panga ya Watoro iliyoko huko, na jina lenyewe tu lilitosha kunishawishi. Tukimaliza, alisema, tutafika hadi mnara wa taa wa Ras Kigomasha, uliosimama pale tangu mwaka 1900. Mnara huo sijauona mpaka leo.

Asubuhi shemeji aliperuzi simu yake akaandika nyuma ya risiti ya duka: "Kupwa 10.20. Kujaa 4.15." Akanipa. "Wewe ndiye mhasibu," alisema, "tutunzie saa."

Nikaikunja nikaitia mfukoni. Mama mkwe alikuwa barazani anapepeta mchele. Bila kuinua kichwa akasema, "Leo mwezi kumi na sita."

"Ndiyo, Mama," nilimjibu, nikidhani ananikumbusha tarehe.

Kisha akanikabidhi chupa ya chai. Si chupa ya kawaida. Ina maua mekundu ubavuni na kifuniko cha dhahabu dhahabu, na aliinunua alipokwenda Hija. "Chupa hii imefika Makka," alisema akinitazama usoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Wewe hujafika." Nikaipokea kwa mikono miwili.

Anayeijua Unguja tu hujidanganya kwamba anaijua Pemba. Unguja imelala, Pemba imekunjamana, kilima baada ya kilima, na kila ukishuka kilima unakuta bonde la mpunga, na kila ukipanda unakuta mikarafuu. Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani, na unapoingia Ngezi unaona kwamba hawakuongeza chumvi. Mivule imepanda mpaka shingo inakuuma. Chini yake umesimama mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya minazi ambao asili yake ni kisiwa hiki hiki. Kuna kima punju pia, ingawa hao ni wageni kama mimi. Waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970, na kwa jinsi walivyotutazama, wamekwisha kujiona wenyeji.

Tulikuwa na kijana wa kutuongoza, mpole, anayejua kila mti kwa jina. Mahali njia inapoteremkia bondeni, penye kivuli kizito na harufu ya majani mabichi, niliomba tupumzike. Nikafungua chupa, nikamimina chai kwenye kifuniko, nikaegemea tawi.

"Maji moto!" alisema yule kijana.

"Ahsante," nilisema, "hii ina chai tayari."

"Maji moto, mzee!"

"Nimekuambia tunayo."

Kwa faida ya ndugu zangu wa bara: maji moto ni sisimizi. Ni wekundu, wanashona majani ya mti wakafanya nyumba, na kila mchuma karafuu Pemba anawafahamu kwa sababu wanapenda miti anayoipanda yeye. Jina walipewa na mtu aliyewahi kumwagikiwa. Mimi waliniingia kolani, wakatoka kiunoni, na katikati ya safari hiyo hawakuacha kituo bila kushusha abiria. Nilivua shati mbele ya kima punju watano. Chai ilimwagika, lakini chupa sikuiangusha. Naomba hilo likumbukwe huko mbele.

Nilipomaliza kujikung'uta, shemeji alitazama juu akauliza kama hatujachelewa baharini. Nikatoa ile risiti. Ilikuwa saa nne kasoro asubuhi. "Kujaa, nne na robo," nilisoma. "Maji ndiyo yanamaliza kujaa sasa hivi. Tukienda tutazama. Tukae humu mpaka mchana, yatakuwa yanakupwa, na ikifika saa kumi pwani yote itakuwa yetu."

Nilisema kwa sauti ya mhasibu. Shemeji alifungua mdomo, akaufunga.

Basi tukakaa. Tulihesabu ndege, tukala mkate wa ufuta, nikajipaka mate penye malengelenge. Tulipotoka msituni tukafuata barabara ya vumbi kwenda Kigomasha, tulikutana na kundi la akina mama wanarudi kutoka pwani, kanga zimelowa mpaka magotini, ndoo zimejaa pweza. Nikawaamkia, nikawaza moyoni: wanawake wa huku hodari, wanavua pweza maji yakiwa yamejaa.

Tulifika kwenye vihori kama saa saba. Sitapamba: ni mahali pazuri kuliko nilivyostahili. Mwamba wa matumbawe umeliwa chini na maji mpaka umebaki kama uyoga, na kati ya uyoga mmoja na mwingine kuna kijipande cha mchanga mweupe cha kutosha familia moja isiyogombana. Kupita kutoka kihori kimoja kwenda kingine unazunguka pua ya jabali. Tuliizunguka ya kwanza maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu. Ya pili yalikuwa kwenye muundi.

"Hapa pana shimo kidogo," alieleza shemeji.

Tukatandika mkeka katika kihori cha tatu. Akavua raba zake nyeupe, mpya kabisa, akazipanga kando ya chupa. Mbele yetu, kiasi cha hatua 10 ndani ya maji, kulikuwa na jiwe lenye umbo la kiti.

"Tazama lile jiwe," alisema. "Nusu saa nyingine litakuwa nje lote. Tutalikalia."

Tukasinzia kidogo. Nilipofumbua macho jiwe halikuwepo.

"Shemeji, jiwe limekwenda wapi?"

Alilitafuta kwa muda. "Labda nilikuonyesha jiwe lingine," alisema, akachagua jipya, la karibu zaidi. Tukalikodolea macho kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Wimbi likaja likalifunika, likarudi, jiwe likachungulia, wimbi likaja tena. La tatu hatukuthubutu kulichagua. Kwa wakati huo mkeka ulikuwa umeanza kupata unyevu upande wa miguuni, na shemeji alisema ni jasho.

Ndipo akatokea mzee mmoja kwenye mtumbwi, anapiga kasia taratibu sambamba na miamba. Alitutazama, akaacha kupiga kasia.

"Yakhe, mwangoja nini hapo?"

"Tunangoja maji yapwe, mzee wangu," nilimjibu.

Akatazama bahari. Akatutazama. Akahesabu kitu kwenye vidole vyake, bila haraka.

"Basi mtangoja," alisema. Mtumbwi wake ulikuwa mdogo na umejaa nyavu, kwa hiyo alichoweza kutupa ni ushauri: tupande juu ya lile jukwaa la jabali nyuma yetu, tutulie, tusijaribu kuogelea kuzunguka pua kwa sababu mawe ya pale yanachana kama wembe. Magharibi ikiingia njia itafunguka. Akaenda zake, na nina hakika mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Tulipanda. Jukwaa lenyewe lilikuwa na upana wa kitanda cha mtoto. Tulikaa mabega yamegusana, miguu inaning'inia, kama komba wawili, na hapo ndipo nilipotoa ile risiti tena.

"Shemeji, hii kujaa nne na robo ni nne ipi?"

"Nne," alisema. "Ya jioni."

"Nne ya jioni haipo. Kuna nne ya asubuhi na nne ya usiku."

"Four," alisema mtu wa Maskati, kwa unyonge.

Sasa nakuomba msomaji utulie na hesabu hii, kwa maana mimi nilikuwa na saa nne nzima za kuitafakari. Saa ya Mswahili na saa ya Mzungu zimepishana saa sita kamili. Bahari nayo, kutoka kujaa mpaka kupwa, huchukua saa sita hivi. Maana yake ni kwamba ukilisoma jedwali la maji kwa saa isiyo yake, hukosei kidogo. Unageuza bahari nzima. Pale ilipoandikwa kupwa wewe unakwenda kwenye kujaa, kwa uhakika, na mkeka mkononi. Ingekuwa tumepishana saa tatu tungelowa magoti tu. Kumi na ishirini yake ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, wakati mimi nimetoka kucheza ngoma ya maji moto, na wale akina mama wanachokoa pweza mahali palipokauka. Saa kumi na robo yangu ndiyo nne na robo yake, maji yanapofika kileleni.

"Lakini wewe ulijua umeandika saa gani," nilimwambia. "Mbona hukusema kule msituni?"

"Ulisema kwa uhakika sana," alijibu. "Nikadhani wahasibu mna njia yenu."

Na siku ile haikuwa siku ya kawaida. Mwezi kumi na sita, mama mkwe alisema. Mwezi mpevu umepita juzi tu, na hapo ndipo bahari inapokuwa bamvua. Katika pwani hizi maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 3. Tungekuja siku za maji mafu huenda mchanga kidogo ungebaki. Mama yule hajawahi kugusa simu ya kuperuzi. Alinipa jedwali zima kwa maneno matano, nami nikamwitikia kama anayeambiwa ni Jumanne.

Saa kumi na robo, kwa saa yangu, wimbi moja lisilo na haraka lilipanda mpaka ukingoni mwa jukwaa. Lilichukua raba ya kushoto. Shemeji alijirusha kuiokoa ya kulia, akaikamata, na kwa kiwiko akaigusa chupa.

Haikuzama. Hilo ndilo lililoniumiza. Ilisimama wima juu ya maji, maua yake mekundu yanatutazama, kifuniko kinang'aa, ikazunguka mara moja kama anayeaga, kisha ikaelekea mkondo wa Pemba, upande wa Tanga. Tulibaki tunaifuata kwa macho mpaka ikawa nukta.

Shemeji alitia udhu kwa maji yaliyokuwa yakimgusa vidole akasali alasiri amekaa, kwa kuwa kusimama kungemmwaga. Jua likazama. Njia ikafunguka baada ya magharibi, kama mzee alivyosema, na tukaizunguka pua ya jabali maji yakiwa yametufika mapajani, mkeka kichwani.

Kurudi Konde ilibidi tupite Ngezi tena, gizani. Popo wa Pemba ni mnyama mzuri, hayuko popote pengine duniani, na mabawa yake yakikunjuliwa hufika karibu mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha. Haya yote niliyasoma baadaye. Usiku ule nilichojua ni kwamba kitu chenye ukubwa wa mwavuli kimepita juu ya kichwa changu, na kwamba nilikuwa katika kisiwa ambacho mwaka 1995 watu walilala nje uani kwa kumwogopa shetani Popobawa. Shemeji, mwenye raba moja, alinipita kwa mbio ambazo sikuzitegemea.

Tuliingia nyumbani saa tatu usiku. Kumbe asubuhi shemeji alikuwa amemuaga mama yake kwamba tutarudi saba. Mama alisikia saa saba mchana, akapika pweza wa nazi, akatufunikia. Pweza huyo alikuwa ametungoja kwa saa nane.

Mama mkwe alikuwa palepale barazani. Alinitazama nilivyovimba shingo, akamtazama mwanawe mguu mmoja chini, akatazama mikono yangu, ambayo ilikuwa mitupu.

"Chupa yangu iko wapi?"

Nikamwangalia shemeji. Shemeji akainamisha kichwa.

"Imetangulia, Mama," alisema.

"Saa ngapi?"

Hakuna aliyethubutu kumjibu.