Pweza Kanitangulia Osaka

Mjomba, shikamoo. Na nyote mlio barazani hapo Kilindoni, mnaocheza bao na mnaosahihisha wachezaji bila kuombwa, asalaam aleikum.

Ofisi imenileta Osaka kusomea mashine ya kufungashia unga, ili ikifika Dar pawe na mtu wa kulaumiwa. Inapima, inajaza, inashona mfuko, na ikikwama hailalamiki, inapiga muziki mtamu wa kinanda mpaka fundi afike. Habari za mashine zinaishia hapo. Siku ya kuaga mlisema nikaone maajabu ambayo jicho la kisiwa chetu cha Mafia halijayaona. Basi nazunguka jioni nikitoka kazini, na Jumapili kutwa, na taarifa yangu ni hii: kila nikifika penye maajabu, namkuta pweza.

Kwanza uwanja wa ndege, maana hapo tu hayupo. Uwanja wa Kansai umekaa juu ya kisiwa ambacho Mungu hakukiweka. Walimwaga mawe na mchanga baharini mpaka bahari ikakubali yaishe, na mwaka 1994 ndege zikaanza kutua. Kisiwa kinazama pole pole, wao wanakipima na kuendelea na kazi. Mwaka 2018 kimbunga kiliyasukuma maji mpaka njia ya ndege, kikaichukua meli ya mafuta kikaibamiza kwenye daraja linalounganisha kisiwa na bara, abiria wakalala uwanjani. Nikawakumbuka wanaosema boti ya Nyamisati ina misukosuko.

Sasa Dotonbori, mtaa ulio kando ya mfereji, ambako mabango hayajui kuwa usiku umeingia. Lipo bango la mkimbiaji aliyeinua mikono, la kampuni ya peremende. La kwanza lilisimamishwa mwaka 1935. Darajani watu wanapeana zamu kupigwa picha wameinua mikono vilevile, watu wazima kabisa, wenye watoto na mikopo. Juu ya mlango wa mgahawa kuna kaa wa kutengenezwa anayechezesha miguu. Na juu ya vibanda, pweza mwekundu, mkubwa kuliko kibanda chenyewe, anakutazama.

Kinachouzwa chini yake ni takoyaki. Shangazi sogea, hii inakuhusu. Mpishi ana chuma cha vitumbua, kilekile, ila matundu yake ni madogo na mengi. Anamimina uji wa ngano na mayai uliokorogwa kwa supu ya samaki, anatupia kipande cha pweza kila tundu, majani ya kitunguu na tangawizi nyekundu ya siki, kisha kwa kijiti cha chuma anavigeuza huku na huku, na huwezi kuufuata mkono wake kwa jicho. Vikiiva anapaka sosi nyeusi na mayonezi, ananyunyiza mwani wa unga, na kumalizia kwa jodari mkavu aliyeparwa mwembamba mpaka anapitisha mwanga. Mvuke ukimpiga, jodari huyo anaanza kujinyonganyonga. Mimi niliyeuliza habari za nguruwe kabla ya kuuliza bei, nikaona chakula kinacheza, nikapiga bismillah ya pili. Ni kitamu. Katikati kina moto wa kuunguza kaakaa, lakini aliyelelewa kwa vitumbua vya alfajiri hafundishwi kupuliza.

Nikamuuliza mwenzangu wa kazini pweza hawa wanavuliwa wapi. Nilitegemea ataonyesha kidole upande wa bandari. Akasema wengi hutoka Mauritania na Morocco. Miaka ya 1970 Wajapani walimpeleka mtaalamu wao Mauritania kufundisha utegaji wa vyungu: chungu kinashushwa kwa kamba, pweza anakiona nyumba nzuri, anahamia, asubuhi anavutwa pamoja na nyumba yake. Kwa hiyo fahari ya Osaka, iliyobuniwa hapahapa miaka ya 1930, mara nyingi ina Mwafrika ndani. Nimevuka bahari usiku kucha kuja kula mtu wa bara langu.

Jambo lililonishinda kuwaeleza ni hili. Hapa pweza analiwa na bibi, mtoto wa chekechea na wachumba, hadharani, na hakuna anayemkonyeza mwenzake. Wale wauza supu ya pweza wa Dar, wanaokukabidhi kikombe kwa sauti ya chini na kumuulizia mkeo, wangefunga biashara kwa aibu. Kisahani kitupu nilikibeba mkononi hadi hotelini, kwa sababu mji ni msafi na mapipa ya taka hayaonekani. Hilo nalo wanipe jibu.

Jumapili nikasema leo nakwenda kwenye historia, huko pweza hafiki. Ngome ya Osaka ilianzwa na Toyotomi Hideyoshi mwaka 1583, ikateketea vitani mwaka 1615, ukoo wa Tokugawa wakaijenga upya, na mwaka 1665 radi ikauchoma mnara. Unaoonekana leo ni wa mwaka 1931, wa zege, una lifti. Ndiyo mjomba, ngome ina lifti. Unabonyeza kitufe na kupanda kwenda kuwatazama makamanda wakichinjana kwenye michoro, bila kutokwa jasho.

Lakini kamati yetu ya michango ya harusi isikilize habari za fedha zake. Wananchi walichanga yen milioni 1.5. Mnara wenyewe ukachukua chini ya nusu. Sehemu kubwa zaidi ikaishia kwenye jengo la makao makuu ya jeshi, ambalo bado limesimama hapohapo pembeni, imara, la kupendeza. Mnaona? Hamkuanza ninyi.

Nikatoka kwa lango la Sakura. Ukutani kuna jiwe moja linalokadiriwa kuwa na tani 108, lililosafirishwa kwa bahari enzi ambazo injini haikuwepo hata ndotoni. Watu wamejipanga wanalipiga picha. Nikamuuliza mwenzangu, jiwe hili lina jina? Akasema lina jina: Jiwe la Pweza. Pembeni huku chini lina doa lenye umbo lake. Nikaliangalia doa lile kwa muda. Ni yeye kweli.

Ikabidi nikate shauri niende Kaiyukan, nyumba ya samaki iliyofunguliwa bandarini mwaka 1990, nikaone viumbe wageni. Foleni ilikuwa ndefu na imenyooka, hakuna aliyekuja kusema aliacha nafasi. Wanakupandisha juu kwa ngazi za umeme (Osaka husimama kulia, Tokyo kushoto, na kila upande unauonea huruma mwingine), halafu unashuka kwa miguu ukilizunguka tangi la maji tani 5,400, kina mita 9. Taa zikafifia. Mtoto aliyekuwa mbele yangu akabandika viganja kwenye kioo. Umati ukaguna kwa pamoja, na nyuma ya kioo akapita, taratibu, mdomo wazi, madoa meupe mgongo mzima.

Papa potwe.

Mjomba, papa potwe! Yuleyule anayekuja kujisugua na ngalawa yako kuanzia Oktoba, nawe ukamtusi mama yake kwa kukuvurugia dagaa. Nimekata tiketi ambayo bei yake sitaitaja shangazi akiwepo, kuja kumwona jirani yako. Wa hapa wana majina, Kai na Yu, na akiondoka mmoja anayeletwa anarithi jina, kwa hiyo kwa hesabu za hapa Kai hafi. Chakula chake huletwa na mfanyakazi mwenye upawa, anamimina kamba wadogo juu ya maji, naye anasimama wima anafyonza. Mkimfanyia hivyo pale Kilindoni msimu mmoja tu, atahamia sokoni.

Mama mmoja aliyevaa blauzi ya madoa ya chui, vazi ambalo akina mama wa Osaka wanasifika nalo, akaniuliza kama Afrika tunao samaki hawa. Nikamwambia mjomba wangu anafahamiana nao. Akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata ofisini. Nikatoa simu, nikamwonyesha ile picha yako kwenye ngalawa, na pezi nyuma yako. Akamwita mumewe, mumewe akawaita wajukuu. Akafungua mkoba akanipa pipi, kisha akanipa nyingine nikuletee wewe. Wakaipiga picha ile picha. Wameuliza kama huwa unachukua wageni, nami nimewajibu kuwa unachukua, na bei mtaelewana. Shangazi, ile fulana aliyoivaa mjomba kwenye picha naomba itafutiwe kazi ya deki mapema.

Kuhusu maagizo. Injini ya boti haiingii kwenye begi la kilo 23, mjomba, hata ukisema ni ndogo. Nimekuchukulia ndoano. Mahirizi ya ndege kutoanguka, yanayouzwa hekaluni, sikununua, imamu awe na amani. Shangazi nimempatia kisu cha Sakai, mji wa jirani ambao watu wake wanafua visu tangu zama za mababu. Muuzaji alikifunga kwa karatasi tabaka juu ya tabaka, akakikabidhi kwa mikono miwili huku ameinama, akaniuliza kitakata nini. Nikamwambia pweza. Akafurahi sana. Sikumwambia kuwa ninyi mkishakizoea mtakifungulia madafu.

Ni mimi mpwa wako.