Ushauri kwa Wenye Jasho: Jenereta, Kiyoyozi na Miinuko ya Kibondo

Jenereta ya kubebeka huchaguliwa kwa kuanza na kiyoyozi chenyewe. Bei hufuata baadaye. Kiyoyozi kina madai mawili ya umeme: wa kukiamsha na wa kukiendesha. Kompresa iliyosimama ikianza kuzunguka hutaka, kwa muda mfupi sana, mara mbili au tatu ya wati inazokula ikishatulia. Barua zinazoifikia safu hii kutoka Kibondo, Kasulu na jirani na kambi ya wakimbizi ya Nduta, mkoani Kigoma, karibu zote ni za watu waliosoma namba ndogo wakairuka kubwa.

Wa kwanza ni mwenye saluni wa Kibondo anayejiita Nimelogwa. Amenunua kiyoyozi cha BTU 9,000 pamoja na kile kijenereta cha petroli inayochanganywa na oili, chenye "950" ubavuni. Akiwasha, injini inakohoa, taa zinafifia, kiyoyozi kinanguruma kisha kimya. Anataka kujua ni jirani yupi amemfanyia hivyo. Hakuna jirani aliyehusika. Kiyoyozi cha ukubwa huo hula takriban wati 900 kikiwa kimetulia na huweza kudai zaidi ya 2,000 kinapoamka, ilhali ile 950 ni kilele cha jenereta, si mzigo wa kubebwa kutwa. Kijenereta hicho kinafaa taa, televisheni na mashine ya kunyolea, na hapo kiachwe. Kiyoyozi cha inveta, ambacho huanza polepole, ni ghali zaidi dukani, lakini hakihitaji jenereta kubwa kiasi hicho.

Shauri la pili ni zito zaidi. Msafiri mwenye gari la kulala, anayeelekea Gombe kwa sokwe, anasema jenereta yake ya wati 3,000 ilikiwasha kiyoyozi cha paani vizuri Dar es Salaam, lakini Kibondo imegoma. Ameshauriwa abadilishe plagi, kisha kabureta, kisha jenereta yenyewe. Kilichobadilika ni hewa. Miinuko ya Kibondo na Kasulu iko kati ya mita 1,200 na 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3 mpaka 4 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Kwenye mita 1,500, wati 3,000 za Dar es Salaam zinabaki kama 2,500. Kiyoyozi cha gari la kulala cha BTU 13,500 huendeshwa na wati 1,500 hivi na huweza kutaka 3,000 kuamka, kwa hiyo hesabu haifiki. Anayenunua kwa ajili ya miinuko hii aongeze moja ya tano juu ya mahitaji yake, au afungiwe kifaa cha kuanzisha kompresa taratibu.

Dalili nyingine ya mwinuko ni moshi mweusi na plagi yenye masizi: hewa ni nyepesi, petroli imezidi. Fundi anaweza kuweka jeti ndogo, yaani kitundu cha kupitishia petroli, kwenye kabureta. Ila jeti hiyo isisahaulike, kwa sababu msafiri akiteremka Kigoma mjini, ambako Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, injini itapata petroli pungufu na kuchemka kupita kiasi. Gari likiwa limetoka Marekani, kiyoyozi chake kinataka volti 115 hivi na hezi 60, wakati jenereta za madukani hapa hutoa volti 230 na hezi 50. Hapo jeti haisaidii kitu.

Barua nyingine ni ya mtunza dawa mwenye kontena la bati, naye ana haki ya kutaka ubaridi: dawa nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 25 au 30, na kontena juani hupita hapo haraka. Yeye ameuziwa jenereta ya dizeli ya kVA 5 akidhani ni kilowati 5. Kwa kawaida ya mashine hizo ni kilowati 4, na baada ya mwinuko ni chini zaidi. Pia asisahau gridi: hadi 2022 Kibondo na Kasulu ziliwashwa kwa mitambo ya dizeli ya TANESCO, lakini mwaka huo Gridi ya Taifa ilifika. Kama nguzo iko karibu, jenereta iwe ya akiba tu.

Barua inayojibiwa kwa haraka kuliko zote ni ya anayetaka kuingiza jenereta ndani ya hema ili isiibwe. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Ikae nje, angalau mita sita kutoka kwenye mlango au dirisha, ekzosi ikielekezwa mbali, na ifungwe kwa mnyororo. Mvua ikinyesha ijengewe kibanda kilicho wazi pande zote.

Wa mwisho anauliza jenereta ya kupoza hema usiku kucha. Turubai halishiki ubaridi, petroli ya usiku mmoja ni lita kadhaa, na usiku wa Kibondo wengi hujifunika blanketi. Kivuli cha nyasi juu ya hema na feni ndogo ya sola vinamtosha mchana, jenereta asinunue.