Kisigino Changu na Ukuta wa Jirani

Ukitaka kujua mtaani kwenu kuna madaktari wangapi, chechemea. Usivunjike, usilazwe, chechemea tu. Nilitoka nyumbani kwangu Sinza mpaka kituo cha daladala, mwendo wa dakika sita, nikafika nikiwa na magonjwa manne. Muuza magazeti alisema ni gauti, niache nyama. Fundi viatu akasema mshipa umepanda juu ya mshipa mwenzake, nitafute mtu wa kunichua. Konda akaniangalia ninavyopanda ngazi ya gari akasema, "Mzee, hicho kisukari." Na bibi mmoja mwenye ushungi wa kijani, simjui hanijui, akanivuta pembeni akaninong'oneza: "Mwanangu, hapo umetupiwa kitu."

Bibi alikuwa karibu na ukweli kuliko wote, ila nilichotupiwa nilijitupia mwenyewe. Mwezi wa kumi klabu yetu ya jogging iliamua kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon ya mwishoni mwa Februari. Wenye akili walijiandikisha kilomita 5. Mimi, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa ananitazama, nikajiandikisha 42. Nilikuwa nakimbia kilomita 20 kwa wiki. Nikapandisha hadi 50 ndani ya wiki tatu, tena kwa raba za mtumba nilizonunua soko la Karume. Muuzaji aliapa ni "grade one". Nilipokuja kuzipindua baadaye nikakuta soli imelika upande mmoja kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kuna Mjerumani alishazimaliza kilomita zote zilizokuwemo, mimi nikauziwa kumbukumbu zake.

Basi asubuhi moja nashuka kitandani, hatua ya kwanza, nikahisi nimekanyaga msumari. Nikawasha taa nikautafuta. Hakuna msumari. Kilichoniponza ni kwamba nilipofika msalani na kurudi, maumivu yalikuwa yamepungua, nikajisemea kumbe mguu ulikuwa umelala tu. Nikaenda kukimbia. Kesho yake msumari ukarudi na kaka yake. Nikaendelea hivyo wiki tano, kila asubuhi nikitembea kama kuku mwenye kamba mguuni, kila jioni nikikimbia, maana sisi watu wa masafa marefu tunasifiwa kwa uvumilivu, na sifa ikishakukaa kichwani haina dawa.

Mwishowe mama watoto akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, binti mdogo wa kumzaa mwenyewe. Akabonyeza mahali pamoja tu, chini ya kisigino kwa upande wa ndani, nikamwita marehemu mama yangu. Akaandika: plantafasiaitisi. Nikasema hili si jina la ugonjwa, hili ni jina la kiungo mkabaji aliyesajiliwa na Simba dirisha dogo.

Akanieleza taratibu. Mguu mmoja una mifupa 26, na chini ya unyayo kuna mkanda mgumu wa nyuzi unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika hadi vidoleni. Huo ndio unaoshikilia upinde wa unyayo. Ukiubebesha mzigo kwa haraka kuliko unavyoweza kujikarabati, unaumia, hasa pale ulipojishikiza kwenye kisigino. Usiku unakaza, asubuhi unapokanyaga, unauvuta kwa ghafla. Msumari ndio huo. Ukishapata moto kidogo unalegea na kukudanganya umepona.

"Nitapona lini?"

"Wengi hupona. Hesabu miezi mitatu, sita, wengine hata mwaka."

Nikamwambia Moshi imebaki wiki saba. Akanijibu kwamba mabasi ya Moshi yapo kila siku.

Kisha yakaja masharti. Sharti la kwanza, nisitembee peku, hata ndani ya nyumba. Sasa mwambie mama watoto, ambaye mbele yake hata balozi wa nchi atavua viatu mlangoni, kwamba mumewe ameandikiwa na hospitali kuingia na raba sebuleni. Alikisoma kile cheti mara mbili akitafuta mahali nilipoghushi.

Sharti la pili, nigandishe chupa ya maji ya nusu lita, niilaze sakafuni niwe naiviringisha kwa unyayo dakika kumi kila jioni. Dawa nzuri, kisigino kinakufa ganzi unasahau madeni. Tabu ni kwamba nyumba yenyewe ina friji moja, na chupa haina jina. Siku moja shemeji katoka juani, kafungua friji kama kwake, kaikuta chupa imeyeyuka nusu, kaimaliza kwa pumzi moja na kusema, "Haya maji yenu yana ladha." Mimi na mama watoto tukatazamana. Mpaka leo hatujamwambia, na kama anasoma hapa, shemeji, yule alikuwa mtu mwingine.

Mwenyekiti wa klabu naye akaja kunijulia hali. Hakuja na matunda. Alikuja na John Stephen Akhwari. Mtanzania akiumia mguu lazima aletewe Akhwari. Marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 1968: kaanguka, goti limeumia vibaya, likafungwa bandeji, akaenda nalo hadi mwisho kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wa 57 kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima tangu Mamo Wolde wa Ethiopia ashinde. "Na wewe kisigino tu!" Alipoona sijasimama akamleta Kipchoge wa Kenya: marathoni ya Berlin 2015, soli za ndani zimechomoka viatuni zinapepea kama masikio ya mbuzi, na bado akashinda kwa saa 2 na dakika 4. Nikamwambia Kipchoge alikuwa anapigania ushindi, mimi nilikuwa napigania picha ya kuweka wasapu.

Na kwa Akhwari nilimjibu kwa heshima zote, maana yule ni mzee wetu. Katika mbio zile zile alikuwemo Abebe Bikila, aliyeshinda Roma 1960 akiwa peku, akashinda tena Tokyo 1964 na viatu. Siku ile ya Mexico mguu wake ulikuwa mbovu. Alikwenda kama kilomita 17, akatoka. Walianza watu 75, kwa hiyo 18 walijitoa, na mmoja wao ni mwenye medali mbili za dhahabu. Mbona hakuna anayekuja kumwona mgonjwa na Bikila? Mwenyekiti akanywa chai yake akaaga.

Lakini sharti lililotaka kunivunjia heshima ni la tatu. Unaviringisha taulo, unalilaza kwenye ukingo wa ngazi, unakanyaga kwa mguu mmoja vidole vikiwa vimekunjwa juu ya taulo, kisigino kinaning'inia. Unapanda kwa sekunde tatu, unatulia juu sekunde mbili, unashuka kwa sekunde tatu. Mara kumi na mbili, seti tatu, siku moja ndiyo siku moja siyo. Ukizoea unavaa begi mgongoni. Mimi nilitia kilo tano za mchele. Nyuzi, alisema yule binti, zinapona kwa kupewa kazi ya kipimo, si kwa kulazwa tu. Hakuna zoezi la kuchosha roho kama lile. Mtu niliyejitapa kukimbia saa tano nikawa nadanganya kuhesabu sekunde nane.

Nyumba yetu haina ghorofa. Ngazi pekee ni kile kidaraja cha mlango wa uani, kinachotazamana na ukuta wa jirani yangu, muuza vitumbua. Nikiwa chini, ukuta umenizidi. Nikipanda, macho yanapita juu yake. Sikuliwaza hilo. Jirani aliliwaza. Wiki ya pili nikaitwa kwa mjumbe.

"Kila baada ya siku moja, alfajiri," mama wa watu alieleza, kajifunga khanga mbili kwa hasira, "kichwa cha huyu baba kinachomoza polepole kama jua. Kinanitazama. Kinazama. Halafu kinarudi. Nimehesabu, mara thelathini na sita!"

Sijawahi kupata shahidi wa kuthibitisha kwamba nafanya mazoezi kwa ukamilifu namna ile. Nilileta vielelezo: taulo, begi, mchele, cheti. Nikapanda kwenye kizingiti cha mjumbe nikaonyesha zoezi mbele ya watu tisa na mbuzi. Mjumbe alijitahidi asicheke. Jirani hakucheka. Alikuwa anatazama mguu wangu.

"Hayo maumivu," akauliza taratibu, "ndiyo yale ya kama msumari, ukishuka tu kitandani?"

Nikashuka. Kumbe mwenzangu anasimama kwenye sakafu ya saruji mbele ya jiko tangu saa kumi alfajiri, ndala zimelika kama karatasi, na msumari wake una miaka miwili. Anakanda kwa maji ya moto na chumvi, anaingia kazini. Akidhani ni uzee. Hakuna aliyewahi kumletea Akhwari wala Bikila. Nilimwelekeza kwa yule binti, na nilinyamaza njia nzima ya kurudi nyumbani, jambo ambalo mama watoto analikumbuka kwa tarehe.

Wenzangu walikwenda Moshi, wakanitumia picha sitini na tatu. Mimi nimefika wiki ya kumi, msumari umekuwa pini. Na siku hizi ukipita uchochoroni kwetu alfajiri utaona vichwa viwili. Nachomoza mimi: "Umeamkaje, mama?" Nazama. Anachomoza yeye: "Salama, sijui wewe." Anazama. "Watoto?" "Wazima." "Kisigino?" "Afadhali ya jana." Sekunde mbili hazitoshi salamu za Kiswahili, kwa hiyo tunapomaliza kuulizana hali, seti ya kwanza nayo imekwisha bila kudanganya hesabu.

Nilidhani kwa ugonjwa mmoja angalau angenipunguzia bei ya kitumbua. Hata shilingi kumi.